Kimya cha Mama Sindano

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na moja ya mwezi wa tatu, asubuhi, nikiwa juu ya ngazi napaka dari la benki. Siku hiyo mke wangu alikubali jambo kubwa mbele ya watu, akapongezwa na kushukuriwa. Shida ni kwamba nilikuwa nimemzika tangu mwezi wa kumi na moja.

Simu yake huwa natembea nayo, na naichaji kuliko yangu. Si wazimu. Alikuwa fundi cherehani, na wateja wake bado wanapiga: huyu anaulizia gauni la mwanawe, yule anaulizia suruali aliyoileta ipunguzwe kiuno. Wa kuwajibu ni mimi. "Samahani mama, fundi ametutoka. Njoo uchukue kitambaa chako." Wengine wanaangua kilio huko huko kwenye simu, na mimi niliyefiwa ndiye ninayebaki kuwabembeleza.

Basi simu ikatetemeka mfukoni mwa ovaroli. Nikafuta mkono, nikaitoa. Kusoma kwangu ni kwa kusimama vituoni, maana shule niliiacha darasa la nne, lakini maneno yenyewe yalikuwa machache: "Hongera Mama Sindano! Pendekezo limepita, kura nne dhidi ya tatu. Asante kwa kuridhia."

Nikarudia kusoma. Nilipotaka kurudia tena, kopo la rangi nyeupe likachomoka kwenye ndoano ya ngazi, likaenda kutua kwenye zulia la meneja.

Meneja akatoka ofisini mwake. "Fundi! Una macho kweli wewe?"

"Ninayo, bosi. Mke wangu amepiga kura."

"Mke wako ndiye aliyemwaga rangi?"

"Mke wangu amekufa."

Akanitazama, akalitazama zulia, akarudi ndani na kufunga mlango taratibu. Nikasema moyoni, ndivyo walivyo. Mkubwa ukimpa neno zito, anatafuta kitasa.

Niseme mapema, mimi na wakubwa hatuivi chungu kimoja. Kule hospitali mke wangu alikolazwa, mkuu wa zamu alikuwa kwenye kikao cha kamati. Mgonjwa anahema kama aliyepandishwa ngazi mbio, mimi nagonga mlango wenye kibao, ndani wanajadili. Nilijibiwa na mfagizi, nikajibiwa na mlinzi, nikajibiwa na mama wa kuuza chai. Aliyetakiwa kunijibu alikuwa bado anajadili. Baada ya mazishi nilirudi kuuliza. Nikaambiwa suala langu linashughulikiwa. Linashughulikiwa mpaka leo. Kwa hiyo mtu akitamka neno "kamati" mbele yangu, damu inachemka kabla hajafunga mdomo.

Lakini haya nayaandika ili nishukuru, na msomaji anivumilie. Shukrani kwangu mimi ni kama kiatu kipya, inabana kwanza ndipo ikubali mguu.

Niliacha ngazi pale pale nikaenda nyumbani. Binti yangu, ambaye anauza kwenye duka la vipuri vya baiskeli na siku hiyo alikuwa mapumzikoni, nilimkuta chumba cha kushonea, anafuta vumbi. Chumba hicho hatujakigusa zaidi ya kufuta vumbi. Cherehani iko dirishani, imefunikwa shuka. Pasi imesimama kwa kisigino chake. Meza ya kukatia imejaa mistari ya chaki isiyotoka hata ukiisugua. Kwenye msumari ukutani unaning'inia utepe wake wa kupimia, namba za mwanzoni zimelika kwa vidole. Na kwenye kona, juu ya kasha la nyuzi, ipo ile kompyuta.

"Mama yako amepiga kura," nikasema mlangoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nakwambia mama yako amepiga kura."

Akaichukua simu, akasoma, akaweka kitambaa cha vumbi mdomoni bila kujua ni cha vumbi. "Ni watu wa Mkasi," akasema.

Mkasi, kwa asiyeujua, ni programu ya kompyuta. Unaipa vipimo vya mtu, kifua, kiuno, urefu wa mkono, nayo inakuchorea vipande vya nguo yake. Unachapa kwenye karatasi, unaweka juu ya kitambaa, unakata. Haiuzwi. Tena ni programu huria, yaani matumbo yake yako nje: anayejua anaweza kuifungua aone inavyofikiri, aitengeneze inapokosea, hata achukue nakala nzima aende nayo kwake, na hakuna wa kumwita mwizi. Waliijenga mafundi nguo na mafundi kompyuta wa nchi mbalimbali wanaounganishwa na Kiswahili, kila mtu baada ya kazi zake. Mke wangu hakuandika hata mstari mmoja wa yale maandishi ya kompyuta. Yeye alikuwa anawaambia nguo inavuta wapi. Wakamweka kwenye kamati yao ya watu saba, wakamwita Mama Sindano. Mimi nikimkuta pale kwenye kasha la nyuzi anabofya, nilidhani anacheza karata.

"Hawajui kwamba amekufa?" nikamuuliza binti.

"Nani angewaambia, baba? Tuliwaambia ndugu, majirani, wateja. Watu wa ndani ya kompyuta nani aliwakumbuka?"

"Haya, na kura ameipigaje?"

Binti akakaa kwenye kigoda. "Wana sheria yao. Pendekezo likiletwa, linakaa wiki mbili. Mjumbe akisema ndiyo, ni ndiyo. Akisema hapana, ni hapana. Akinyamaza, ni ndiyo. Watu wana kazi zao, baba. Ukingoja kila mmoja ajibu, hakuna kitakachotembea. Kwa hiyo wakakubaliana, kimya ni kuridhia."

"Basi makaburini kote wameridhia."

"Baba!"

"Na ameridhia nini?"

Akafungua kompyuta akanisomea. Yule aliyeanzisha Mkasi, wanamwita Mwasisi, alitaka kuukabidhi kwa kampuni moja inayouza mashine za kukatia nguo. Kampuni ichukue jina na usimamizi, iajiri watu wa kuutunza, iuhamishie kwenye mitambo yake. Wajumbe watatu, Mwasisi mwenyewe akiwemo, walisema ndiyo. Watatu walikataa, tena kwa maneno ya ukali, kwamba kitu cha wote hakipelekwi nyumbani kwa mmoja.

"Na mama yako?"

"Mama alinyamaza."

"Mama yako alikuwa na udhuru!"

Sijui ilikuwaje, tukacheka. Binti alicheka mpaka akashika mbavu, nikacheka mimi mpaka nikaegemea meza ya kukatia, halafu tukajikuta tunalia. Tangu msiba tulikuwa tunalia kwa zamu, mmoja akianza mwenzake anajikaza. Siku ile hakuna aliyejikaza. Hilo nalo nawashukuru watu wa Mkasi, ingawa wakati ule nilikuwa nawatafutia fimbo.

Binti aliwaandikia maneno mafupi: Mama Sindano alifariki kabla ya pendekezo hili kuletwa. Hakuridhia. Hata chai haikuwa imechemka, simu ya marehemu ikaanza kulia. Aliyepiga alikuwa mwanamke.

"Shikamoo baba. Pole. Pole sana, jamani. Mimi huku wananiita Pindo."

"Marahaba, mwanangu. Na mimi huku wananiita mgane."

Alilia kwa kweli, si kilio cha simu. Alisema mama alimfundisha kupachika kola kwa maelezo tu, bila kuonana, akirudia na kurudia bila kuchoka. Kisha akapenga kamasi, sauti ikabadilika ikawa ya mtu wa vita.

"Baba, wameiba kura ya mama. Sisi tunaokataa tulikuwa tayari kuchukua nakala yetu tuondoke, tuwe na Mkasi wetu, wao wabaki na kampuni yao. Lakini mradi ukipasuka utakufa, huo ndio ukweli. Mafundi watafuata upande gani? Sasa tuna kikao Jumamosi alasiri. Wewe ukisimama tu ukasema mama angekataa, hakuna atakayebisha. Yameisha."

"Nitasema," nikajibu bila hata kumeza mate. "Nitasema mpaka masikio yawaume."

Binti alikuwa anasikiliza. Nilipokata simu akasema, "Una hakika gani?"

"Hakika ya nini? Mama yako akubali kumpa mkubwa kitu cha bure?"

"Mama alikuwa analalamika, baba. Mkasi unazimika kila mara. Anaanza kuchora shati, linakatika kwenye kwapa, anakaa anangoja. Mimi naona angekubali."

"Wewe na mama yako mlikuwa mnaongea nini huku, na mimi sipo?"

"Ulikuwepo. Ulikuwa unasikiliza redio."

Siku zile tatu nne za kungoja Jumamosi nilipaka dari lote la benki nikijipangia maneno. Nilijua kabisa Mwasisi atakuwaje: mtu mnene, kiti cha ngozi, kalamu mbili mfukoni. Nilishamtukana juu ya ngazi mpaka akanizoea.

Jumamosi binti akaweka kompyuta juu ya meza ya kukatia, tukakaa mbele yake. Nyuso zikajitokeza kama picha za pasipoti, kila mtu kwenye kijumba chake. Pindo nilimjua kwa sauti, mwanamke mpana mwenye pini zimechomekwa kifuani mwa blauzi. Alikuwepo kijana mwenye miwani wanayemwita Kifungo, wa upande wa kukubali. Na kijumba cha katikati kilikuwa cha mtu mwembamba, amekaa jikoni. Nasema jikoni. Nyuma yake birika, kamba yenye nguo za mtoto, sweta alilovaa limetoboka kiwiko. Chini ya meza kitu kilikuwa kinanguruma.

"Nani mkubwa hapa?" nikauliza.

"Ni mimi, baba. Shikamoo," akasema wa jikoni.

"Kinachonguruma ni nini?"

"Ndiyo yenyewe, baba. Ndiyo kompyuta iliyobeba Mkasi wote. Feni yake imechoka."

Akainamisha kamera tuione, nikasahau salamu. Kitu kilichowafanya watu wa nchi zote hizi wagombane kilikuwa chini ya meza ya mtu, kimeegemezwa kwa kipande cha tofali. Lakini sikuja kuangalia tofali. "Wewe ndiye uliyemfanya mke wangu aridhie akiwa kaburini?"

Kifungo akavua miwani.

"Ni mimi," akasema Mwasisi. "Sheria ya kimya niliitunga mimi, na kura nilihesabu mimi. Mama Sindano hakuwa mtu wa kunyamaza. Akikaa siku mbili bila kutugombeza tunaulizana kulikoni. Safari hii kanyamaza miezi, na mimi sikupiga hata simu, kwa sababu kimya chake kilinifaa. Nilikosea, baba. Nisamehe."

Nikangoja "lakini". Kwa wakubwa, samahani na lakini ni kama ng'ombe na mkia wake. Nikangoja kabisa, nimekaza taya. Haikuja. Yule bwana alikuwa ananitazama tu, na ile mashine inanguruma miguuni pake.

Nimesimama mbele ya madawati mengi maishani. Mwalimu mkuu aliyenifukuza, mwenye nyumba, wale wa hospitali. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia neno lile, nilikosea, likiwa limesimama peke yake bila fimbo ya kuegemea. Nilikuja na mfuko wa mawe, nikabaki nao mkononi sina pa kurusha. Namshukuru mtu yule. Kama angejitetea kidogo tu ningeendelea kumchukia mpaka leo, na ningekuwa nimechoka sana.

"Pendekezo nalifuta," akaendelea. "Halikupita."

Hapo Kifungo akarudisha miwani. "Ngoja kwanza, kaka. Kwa sheria ilivyo, limepita. Kampuni tumeshaiambia. Tutawaambia nini?"

"Waambie sheria ilivyo imehesabu maiti!" akasema Pindo.

"Wewe Pindo usitupigie kelele. Unataka upate sababu uchukue nakala yako, ukawe malkia wa nakala."

"Afadhali malkia wa nakala kuliko tarishi wa kampuni!"

"Tarishi? Nani anayeamka feni ikikwama, wewe?"

"Siku uliyoamka wewe ndiyo siku mikono yote ya mashati ilitoka ya kushoto!"

"Hilo tulilirekebisha!"

"Baada ya mimi kukata mikono mitatu ya kushoto! Ya mteja mmoja!"

Binti akanigusa. "Baba, unacheka?"

"Nani? Mimi?" Nilikuwa nacheka. Niliwaona kama mke wangu alivyowaona, jioni zote zile nilipokuwa na redio yangu. Hawa hawakuwa wakubwa. Walikuwa watu wanaogombana juu ya kitu wanachokipenda, kama ndugu wanaogombana nani alale kwa mama.

Pindo akainua mkono. "Basi, tumalize. Hatuna haja ya kupigizana kelele, mwenye kauli yupo. Baba, waambie. Mama angesema nini?"

Wote wakageuka kwangu. Hata Kifungo. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno: angekataa. Nilikuwa nimelipika siku nzima nzima juu ya ngazi, limeiva, limebaki kupakuliwa. Na nilitaka litoke. Nilitaka kampuni ile ikose, ili angalau kuwe na mkubwa mmoja duniani aliyekosa kwa ajili ya mke wangu.

Nikauona utepe ukutani.

Mke wangu hakuwa anakata nguo kwa kukisia. Mteja akija akamwambia, "Kata tu dada, si unanijua," anamjibu, "Nakujua ulivyokuwa mara ya mwisho. Njoo nikupime." Hata mimi, mume wake wa ndoa, alikuwa akinipima upya kila shati. Nikimwambia unanichosha, mimi ni yule yule, ananiambia inua mkono, acha maneno.

Sasa mimi nimkisie yeye? Kwa jambo ambalo hakuniambia hata neno? Nikisema angekataa, nitakuwa nimefanya alichofanya huyu bwana wa jikoni, nimechukua kimya cha mtu nimekijaza changu. Tena yule bwana alikuwa hajui kwamba mke wangu amekufa. Mimi nilimfukia kwa mikono yangu.

"Sijui," nikasema.

"Baba!" Pindo alisimama, kijumba chake kikabaki na tumbo tu na pini.

"Sijui, mwanangu. Mimi nadhani hivi, huyu binti yake anadhani vile, na yeye hakusema. Andikeni hivyo hivyo. Mama Sindano hakusema."

"Lakini uliniahidi."

"Nilikuahidi kwa hasira. Unataka ushinde kwa kura ya kuokota?"

Alikaa. Nikaogopa nimempoteza. Kisha akasema, polepole, "Hapana. Angenigombeza."

"Hilo ndilo pekee tunalolijua wote," akasema Kifungo, na wakacheka, hata Pindo.

Mwasisi akaleta pendekezo pale pale, kwamba kuanzia siku ile kimya ni kimya, si ndiyo wala hapana, na mjumbe akipotea atafutwe kwanza kabla ya kuhesabu chochote. Wakapiga kura kwa mdomo, mmoja mmoja. Wa mwisho akawa Kifungo: "Mimi nasema ndiyo, na andikeni kwamba ninapumua." Basi ile kura ya kampuni ikarudi ilipokuwa, watatu kwa watatu, na kiti kimoja kitupu.

Nilipokuwa naaga, nimesogeza kigoda na kusimama, Mwasisi akasema, "Baba, samahani. Baki umesimama hivyo hivyo kidogo."

"Kuna nini?"

"Bega lako la kulia liko chini."

"Ni la ngazi hilo. Tangu ujana ngazi inalala hapo. Kwani ni kosa?"

Pindo alijishika kichwa. "Ndiye yeye!" akasema. "Jamani, ndiye yeye!" Kifungo akasogeza uso mpaka miwani ikajaa kijumba chote. Mimi nikamtazama binti, binti naye hajui kitu.

Ndipo Mwasisi akanieleza. Zamani Mkasi ulikuwa unachora nusu ya mtu tu, kisha unaikunja kama karatasi kupata nusu ya pili, kwa sababu wenye kompyuta walijua mwili una pande mbili zinazofanana. Mke wangu akawaambia, "Mwanamume ninayemshonea mimi hakunjiki." Mwasisi akakataa. Kubadili hilo ilikuwa kubomoa msingi wa nyumba nzima. Mke wangu akasema basi bomoeni. Walibishana majira mazima, yeye anatuma vipimo vya bega la kulia na la kushoto, Mwasisi anarudisha sababu. Mwisho Mwasisi alisalimu amri, akaufumua Mkasi akaandika upya, kila upande wa mwili ukapata vipimo vyake. Mpaka leo ukiufungua utakuta kitufe kimeandikwa "Bega la Fundi".

"Nilidhani ni fundi wa nguo," akasema Mwasisi. "Hatukujua ni fundi rangi."

"Mwanangu ana mgongo uliopinda," akasema Pindo. Sasa hakuwa mtu wa vita. "Shati lake la kwanza kumkaa vizuri lilitoka kwenye kitufe hicho. Kuna mwanamke aliyetolewa titi moja, anashona blauzi zake humo. Kuna wa mkongojo. Baba, hujui ni watu wangapi wanavaa bega lako."

Nilikuwa nimevaa shati la buluu, la mwisho alilonishonea. Nikalishika begani. Upande wa kulia mshono ulikuwa umeshushwa, kidogo tu, kwa ustadi ambao macho hayaoni. Miaka yote nilipita mbele ya kioo nikijiona nimenyooka. Kumbe lililonyooka ni shati.

Kwa hiyo nashukuru. Namshukuru Mwasisi, aliyekuwa na nafasi ya kufunga mlango akauacha wazi. Namshukuru Pindo, ambaye nakala yake ameichukua lakini hajaondoka nayo. Anasema ameiweka kabatini kama mwavuli. Namshukuru Kifungo, ambaye sasa hunipigia simu kuniuliza rangi ya kupaka chumba, halafu anapaka nyingine. Hata meneja wa benki namshukuru. Siku niliyorudi kwenye ngazi nilikuta zulia jingine, na yeye akatoka, akasimama chini ya ngazi, akasema, "Fundi, juzi sikujua la kusema. Pole." Nikamwambia asante, bosi, na neno likatoka bila kubana sana.

Wa hospitali bado sijawafikia. Kiatu kina mwisho wa kutanuka.

Sasa mambo yako hivi. Ile feni ya jikoni imezidi kunguruma, Mwasisi ameibadilishia tofali. Kampuni imeuliza tena, kwa adabu safari hii. Kura ni ile ile, watatu kwa watatu. Na kamati, wote kwa midomo yao, wamemwomba binti yangu akae kwenye kiti cha mama yake. Mwenyewe amekwisha kutoa shuka kwenye cherehani. Anajifunza.

Jumapili alinishonea shati la kwanza. Alinisimamisha katikati ya chumba, akachukua utepe kwenye msumari, akanipima bega la kulia, kisha la kushoto, na mimi sikusema ananichosha. Pini alikuwa amezibana midomoni, kama mama yake. Alipozitoa, nilidhani atasema niinue mkono.

"Baba," akasema, "nikikalia kile kiti, nipige kura ya mama au yangu?"